Kura ya Vyumba

Shelby alikuwa ameketi sakafuni katika chumba alichokaa na Maren, anamenya karoti za supu juu ya sufuria kubwa ya mama yake, na keshapanga mpaka rangi ya mapazia ya mwakani.

"Tunachukua kile chumba cha kona, karibu na jiko," alisema. "Priya wa hapo jirani alitaka niingie naye kura. Nikamwambia, pole bibi, mimi nimeshaolewa na Maren. Twende basi tukajiandikishe, wanafunga saa kumi na moja."

Maren alicheka, lakini kicheko kilimtoka kikavu.

Katika chuo chao kidogo cha Ohio, vyumba vya mwaka wa pili hutolewa kwa kura, na wanafunzi huingia wawili wawili. Mmoja akija kujitoa, mwenzake huwekwa chumba kimoja na yeyote aliyebaki. Na Maren hakuwa na nia ya kuwapo hapo mwakani. Tangu kiangazi, kabla hajakanyaga chuo hiki, alipanga kuhamia chuo kikuu kimoja maarufu cha mashariki mwa Marekani, kilichokuwa kimemkataa na ambacho huwapokea wachache mno wanaohamia kutoka vyuo vingine. Masomo aliyachagua kwa kukitazama hicho. Maprofesa alizoeana nao kwa ajili hiyo hiyo. Hata supu ya Alhamisi, ambayo wasichana wa bweni zima walikuja kuinywa wakiwa na soksi tu miguuni, aliianzisha kwa kuwa alisoma mahali kwamba chuo kile kinapenda mwombaji aliyeanzisha kitu.

Maombi alikwisha kuyatuma. Jibu lingekuja Mei, kura ikiwa imepita zamani. Akinyamaza leo, halafu akataliwe tena, Shelby na chumba cha kona vingekuwa vinamngoja, na hakuna ambaye angejua kitu. Wiki nzima alikuwa analala na wazo hilo na kuamka nalo.

"Shel."

"Naam, mume wangu."

"Ingia kura na Priya."

Kisu kilisimama. "Kwa nini? Kwa sababu ya kukoroma kwangu? Si nilikununulia vizibo vya masikio!"

"Si kukoroma. Nimeomba kuhama chuo."

"Kwenda wapi?"

Maren alitaja jina. Shelby alipiga mluzi, akatabasamu kwanza, kama mtu anayetaka kupongeza; kisha tabasamu likamwishia usoni polepole.

"Umeamua lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mdogo, wa huruma: Januari, baada ya likizo. Maren aliumeza.

"Kabla hatujajuana."

"Yaani siku ile unanisaidia kupandisha masanduku, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na supu?"

Maren alitazama maganda ya karoti. Angeweza kusema kwamba siku hizi aliipenda kweli, na isingekuwa uongo. Lakini Shelby hakuuliza hilo.

"Na supu pia."

Shelby aliifuta mikono kwenye suruali, akavaa koti. Mlangoni aligeuka. "Na wasipokuchukua?"

"Nitakaa na yeyote nitakayepangiwa."

"Haya," alisema Shelby, akatoka mbio. Dakika za kujiandikisha zilikuwa zinakwisha.

Maren alimalizia karoti peke yake, akazipeleka jikoni.

Jioni wasichana walijipanga na mabakuli yao. Priya alikuwa anakata mkate, amechangamka, anazungumzia mapazia. Shelby ndiye aliyeshika upawa. Kila Alhamisi alikuwa akimwekea Maren viazi vilivyozama chini ya sufuria, kwa kuwa alijua anavipenda, na kumtania kwamba atanenepa. Safari hii alimpakulia kama alivyowapakulia wengine, upawa mmoja, juu juu.

"Asante," alisema Maren.

"Karibu," alijibu Shelby kwa upole kabisa, na kumtazama aliyefuata.