Moto wa Panya

Moto wa kuwindia panya ulimponyoka Faife, ukapanda kilima kuelekea msituni.

Msitu wenyewe ulikuwa kipande tu, kilichosalia baada ya watu kukata huku na huku wapate pa kupanda mahindi. Kati ya moto na miti lilikuwapo shamba la mbaazi la Zuze, zimekauka, zinangoja kuvunwa.

Zuze alikuwa akimjua kinyonga wa humo msituni. Hazidi kidole gumba, mkia wake kisiki, rangi yake ya jani lililokufa. Mchana anajiburuza kwenye majani yaliyoanguka, jioni anapanda kijiti na kulala. Ukimshika anatetemeka mkononi kama simu iliyozimwa mlio. Nyani wangekimbia, ndege wangeruka. Yeye hata shamba moja halivuki. Miti ikiisha, naye kaisha.

"Shemeji, upepo umegeuka," Faife alisema akihema, panya wake wamebanwa kwenye kijiti.

"Upepo haukuwasha kiberiti. Chukua jembe."

Manesi, mke wa Zuze, alikwishaanza kukata mbaazi na kuzitupa pembeni, kwenye udongo mtupu. Akamwita mumewe: "Baba Luwizi, njoo huku. Tukiwahi tutaokoa nusu."

"Na msitu?"

"Msitu unapikwa?"

"Tuwashe moto wetu hapa ukingoni, ushuke ukakutane na ule," Zuze alisema. "Hautakuwa na cha kula tena."

"Utakula mbaazi zangu."

"Kwa ajili ya vinyonga?" Faife aliuliza. "Kinyonga si ndiye aliyetumwa na Mungu awaletee watu habari ya uzima, akajikokota hadi kifo kikamtangulia? Babu alikuwa akiwatia tumbaku mdomoni wafe. Waache waungue."

"Aliyetumwa si huyu. Huyu hajatoka humo tangu azaliwe. Nani angemtuma?"

Faife alicheka mpaka akakohoa moshi, kisha akainamia jembe. Wakaparua udongo ukingo mzima wa msitu. Manesi alisimama na kiberiti mfukoni mwa aproni.

"Mvua zikianza tutakula nini?"

"Mihogo."

"Ya nani?"

"Ya kaka yako."

Faife hakuinua kichwa. Manesi alimtazama kaka yake, akatazama fungu lililokuwa mikononi mwake, akaliweka chini. Alikiwasha kijiti cha kiberiti mwenyewe.

Mioto miwili ilikutana katikati ya shamba, ikafa.

Asubuhi walipita kuangalia. Mbaazi zote zilikuwa zimekwenda, isipokuwa mafungu manne ya Manesi. Nyusi za Faife zilikwenda, na nusu ya mihogo yake ilikuwa imeshahamia kwa dada yake kwa ahadi. Cheche ziliruka na kuunguza chini ya miti mahali panapotosha mkeka mmoja. Hapo Zuze aligeuza majani meusi kwa kidole. Vinyonga wawili, wameungua. Mmoja alikuwa na mayai tumboni.