Aliyekuja Kuchukua Nakala Zake

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mchoraji alipangusa kioo cha runinga, akabandika juu yake karatasi nyepesi inayoonyesha ng'ambo, akaibana kwa utepe pembe zote nne. Kisha fundi wa kompyuta, aliyeitwa Kesho kwa sababu kazi zake zote ziliisha kesho, aliwasha mchezo wa video wa kutisha uliovuma wiki hiyo na kuusimamisha pale dubwana alipojitokeza. Mchoraji akapitisha penseli juu ya mistari yake. Hivyo ndivyo mchezo wao mpya ulivyozaliwa.

Kanuni ilikuwa ya mjomba wa mchoraji, mwenye ofisi: badilisha vitu vitatu tu. Rangi, idadi ya macho, mkia.

"Leo unamwongezea macho mangapi, dada?" Kesho aliuliza.

"Mawili."

"Yatakuwa sita. Si umpe na miwani kabisa?"

Mchoraji alicheka huku ameziba mdomo. Hakuwa msemaji.

Kila mchezo ulipokamilika, dubwana wake alishuka kutoka kwenye kioo na kubaki ofisini. Sasa walikuwa kumi na tisa. Walikuwa wembamba kama karatasi walizochorwa, wakiegemea ukuta wa korido, na kwa kuwa feni iliwapeperusha, kila mmoja alikandamizwa kwa tofali miguuni. Hawakumtisha mtu. Walimuuliza tu kila aliyepita kwenda msalani, "Samahani, unamjua mama yetu?" Watu walijibu hapana, wakapita.

Wa ishirini hakupitishiwa penseli. Mchoraji alimchora mwenyewe nyuma ya kalenda, wakati wa mapumziko, kwa miezi mitatu. Alikuwa mnyama mdogo asiye na meno, aliyekaa chini ya meza yake na kusikiliza. Ukimkaribia, ulikumbuka neno ulilowahi kumwambia mtu, lile usiloweza kulirudisha. Alikuwa mzito, feni haikumsogeza.

Mchoraji alikuwa amemwomba mjomba amtie huyo katika mchezo unaofuata. Mjomba alisema atafikiria. Mchoraji alisubiri jibu hilo kwa hamu kuliko alivyowahi kusubiri kitu, ila moyoni alikuwa na hofu: mkono uliozoea kunakili huenda ulikuwa umenakili tena bila kumwambia.

Jumatano saa nne asubuhi, mama yao alifika. Mlango ulipanuka kumpisha, na dari likapanda kiasi cha ghorofa moja na nusu. Watu walisogeza vikombe vyao. Alikuwa mweusi, na ndani ya weusi ule kulikuwa na weusi mwingine uliokuwa ukipumua. Mchoraji alikuwa ameupitishia penseli mgongo ule mara kumi na tisa, maana hata michezo iliyovuma ilimnakili yeye, na sasa aligundua kwamba hakuwahi kuuona.

"Shikamoo," alisema mjomba, kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa.

"Marahaba."

Alianzia mwisho wa korido. Aliwalamba mmoja mmoja. Rangi zilitoka, mikia ikakatika, macho ya ziada yakadondoka sakafuni kama vifungo vya shati. "Wangu," alisema kila mara, na kila aliyetajwa alijaa nyama, akavuta pumzi, akasimama bila tofali. Kesho alifuata nyuma na ufagio, akiyakusanya macho.

Kisha yule mama akafika kwenye meza ya mchoraji. Mchoraji alishika kiti kwa mikono miwili. Yule mkubwa aliinama, akamnusa mnyama mdogo kwa muda mrefu, hata karatasi zote za ofisi zikaelekea upande wake.

"Huyu simjui," alisema.

Akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekumbuka jambo. Akamwinamishia mchoraji kichwa, akawachukua watoto wake kumi na tisa, akaondoka. Dari lilishuka, ingawa upande wa dirishani halikurudi sawasawa.

"Mjomba," alisema mchoraji, mbele za watu, "umesikia? Ni wangu mwenyewe. Tumtie kwenye mchezo."

Mjomba alikuwa tayari anakata karatasi nyingine.

"Nimesikia, mwanangu. Mama wa madubwana wote kasema hamjui. Sasa mteja atamjulia wapi? Watu wananunua wanachokijua." Akaweka karatasi mezani. "Yule mama ulimwona vizuri? Shingo? Mgongo?"

"Nilimwona."

"Basi mchore kabla hujasahau. Mpake buluu. Macho manane."

Mchoraji aliketi. Safari hii hapakuwa na kioo cha kufuatisha. Alivuta mstari wa shingo kwa mkono mtupu, nao ulikuwa mstari mzuri kuliko yote aliyowahi kuichorea ofisi ile. Kesho alisogea, akautazama, akauegemeza ufagio ukutani.

"Na mkia," alisema mjomba.

Akaongeza mkia.