Dawa Iliyopauka

Bi Pasi alikuwa akinyoosha mashuka ya hoteli kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulimvuta kwapani kila alipouinua. Jina hilo la Pasi alipewa na wenzake wa chumba cha dobi, likamganda.

"Hospitali tena?" msimamizi aliguna alipomwona anavua aproni. "Hicho kijipu hakiponi tu?"

"Kingekuwa kijipu, bosi, ningekikamulia hapa hapa mezani kwako."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Uvimbe wa titi lake ulianza kama punje ya njegere. Foleni ya vipimo ilipokwisha, ulikuwa kama ndimu. Alipotundikiwa dawa mara za kwanza, ulinywea kama sabuni majini. Nywele zikapukutika, akatapika hadi nyongo, na bado akashukuru. Dawa chungu ndiyo dawa. Lakini siku hizi alitoka kwenye dripu akala akashiba, na kichwani zilikuwa zimeanza kuchipua nywele.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa ameshamshikia nafasi kwenye benchi la kliniki. Daktari aliupima uvimbe kwa rula, akapima tena.

"Umekua," alisema. "Wa kwako ni wa mbio, mama. Na saratani ina ujanja: mwanzoni inatii dawa, baadaye inaizoea."

"Inaizoea, au haiipati?"

Daktari aliutazama mlango kwanza, kisha akamtazama yeye.

"Mbona nywele zinaota, daktari?"

"Kila mwili na tabia yake," alijibu kwa sauti ya chini, akaandika dawa ile ile.

Katika chumba cha dripu wanawake walikuwa wamekaa wameegemea ukuta, mikono tayari. Nesi akaingia na kitoroli chenye mifuko ya dawa iliyokwisha kuchanganywa. Bi Pasi alipouona wake akaushusha mkono wa shati.

"Nesi, dawa yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu ya kuiva. Hata mkojo ulibadilika, nikadhani navuja damu. Hii imepauka, utadhani maji yaliyosuuza gilasi ya sharbati."

"Mama, wewe ni mfamasia?"

"Mimi ni mgonjwa. Nataka kuona chupa ikifunguliwa."

"Wifi," dada wa mumewe, aliyesimama nyuma ya kiti, akamnong'oneza, "ukiwaudhi hawa, utatibiwa na nani?"

Hapo ndipo palipomwuma. Akikataa, uvimbe haungemsubiri. Akikubali, huenda angekaa kwenye kiti hiki akiulisha uvimbe maji huku ukinenepa. Akashika kwapa lake. Lilikuwa gumu.

"Sinyooshi mkono," akasema.

Nesi akaenda kwa mgonjwa wa jirani, mwanamke aliyejifunga kilemba. Yule naye akauficha mkono chini ya mkoba. "Na yangu mimi niione," akasema, kwa sauti ya kuomba radhi. Bibi mmoja wa pembeni akajifunika mikono yote miwili kwa khanga.

Nesi akatoka. Aliporudi aliongozana na mfamasia, mwanamume mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri sana. Hakumtazama mtu usoni.

"Dawa ya leo imekwisha," alitangaza. "Mtapigiwa simu."

"Imekwisha?" bibi akauliza. "Na hizi zilizo mbele yetu ni nini, baba?"

Mfamasia akashika kitoroli, akakigeuza.

"Baba, nakuuliza. Kama ni dawa, tutundikie. Kama si dawa, mbona mara iliyopita mlitutundikia?"

Magurudumu yalilia sakafuni. Mifuko ikayumbayumba kwenye vining'inio vyake, rangi yake imepauka, ikapita mlango wa chumba cha dawa mmoja mmoja, na komeo likasikika likifungwa kwa ndani. Nesi alibaki amesimama, pamba yenye spiriti ingali mkononi, akiwa hajui aitupe au ampe nani.