Miguu Yangu Ilipokwenda Kupimwa

Jana usiku niliota miguu yangu inashuka kitandani bila mimi.

"Mnakwenda wapi?" nauliza.

"Zahanati," unajibu wa kulia. "Wewe si umekataa kwenda?"

Kweli nilikataa. Wiki ya tatu hii, kila nikilala miguu inatambaliwa na sisimizi wasioonekana, wala haitulii mpaka niinuke nitembee. Nilisema ni uchovu tu. Mke wangu Atupele, kwa kuchoka kupigwa mateke, ameapa kuwa kesho anahamia chumba cha watoto.

Naifuata kwa makalio. Mlango wa chumbani unafungukia zahanati, mchana kweupe. Daktari ni pasi ya mkaa. Amevaa koti jeupe, na akifikiri anatoa moshi.

"Mgonjwa nani?"

"Sisi," inasema miguu. "Huyu ametusindikiza."

Daktari anaichuja damu yangu kwa chujio la chai, akitafuta chuma. Anapata sindano moja ya kushonea, tena imepinda.

"Chuma kimepungua," anasema. "Ndiyo maana usiku miguu inatoka kwenda kukitafuta."

"Juzi tulifika mpaka relini," wa kushoto unakiri kwa aibu.

"Na kahawa?"

"Vikombe vinne. Cha mwisho saa tatu usiku," unachongea wa kulia.

"Kahawa ya jioni aiache. Kabla ya kulala awanyooshe, awakande kwa maji ya uvuguvugu. Vidonge vya chuma asimeze kwa kubahatisha. Akapimwe kwanza na daktari asiyetumia mkaa."

"Mke wangu anahama," nasema.

Miguu inatazamana. Inampenda Atupele; ndiye anayeipaka mafuta wakati wa baridi.

"Ukienda kupimwa, hatumpigi tena," inasema. "Tuandikiane."

Daktari anafungua kidau cha wino. Kila mguu unachovya dole gumba na kugonga muhuri kwenye karatasi.

Nikaamka. Kumekucha, na Atupele ameketi ananitazama.

"Baba Lusajo, leo hujanipiga hata teke moja. Umekuwaje?"

"Vaa twende, mama. Nakwenda kupima damu."

"Hatimaye!" Akafunua shuka huku akicheka. Akainama karibu na miguu yangu.

"Hebu niambie," akasema taratibu, "haya madole yako yamepata wapi wino?"