Mkorosho wa Mpakani

Siku bibi shamba alipoukata ukili wangu ndipo nilipojua kwamba tumeua. Tuliua mkorosho, na tukauua kwa amani, huku tukicheka na kula wali.

Baba mkwe wangu, mzee Likwata, alipofariki, wanawe wawili waligawana shamba lake hapa karibu na Mingoyo: mume wangu Jafari na mdogo wake Nurdin. Kila kitu kiligawika isipokuwa mkorosho mmoja uliosimama mpakani, tuliouita Bi Mkubwa. Ugonjwa wa ubwiriunyuzi ukija na unga wake mweupe kukausha maua ya watu, majirani wakihangaika na dawa ya salfa, yeye alizaa tu, korosho nene. Basi kila msimu vita. Huyu kaokota upande wa yule, yule kapiga matawi ya huyu. Ndugu wa tumbo moja wakafika mahali hawaitikiani salamu.

Suluhu aliileta Nurdin, na siku ile tulimwona ana akili kutuzidi sote. Kila mmoja achukue mbegu za Bi Mkubwa ajaze shamba lake. Watoto wakishika ardhi, mama akatwe, ugomvi ufe naye. Mbegu tulizitia kwenye ndoo ya maji. Zilizozama tukagawiana na kupanda, zilizoelea tukakaanga. Mikorosho ya zamani ikang'olewa kuwapisha wageni. Mwaka jana, miche ilipompita mtu kimo, shoka likaingia. Kisiki kikachimbuliwa, magogo yakaenda tanurini, magunia ya mkaa wakagawana kwa haki. Mche wake mmoja uliojiotea wenyewe mpakani waliuacha uwe alama. Ndugu wakakumbatiana. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Mwaka huu miche ikachanua. Asubuhi moja Jafari alirudi kutoka shambani midomo imemkauka.

"Batuli, njoo uone."

Nikaona. Unga mweupe mti baada ya mti, maua yamekauka kama yamebabuliwa na moto. Uliowahi kuzaa ulikuwa na mabibo ya njano, na ya Bi Mkubwa yalikuwa mekundu. Korosho za miche hii ndogo hata aibu kuzimenya. Hakuna uliofanana na mama, wala uliofanana na mwenzake.

"Nurdin kanibadilishia mbegu," Jafari alisema.

Hajamaliza, Nurdin huyo anakuja mbio. "Kaka, ulinipa mbegu za wapi?" Kwake kulikuwa vilevile. Wakashikana mashati mbele yangu, watu wazima na ndevu zao. Nikampigia simu bibi shamba, Tekla, kabla hawajatoana roho.

"Shikamoo mama," alinisalimu alipofika.

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

Nikatia mkaa jikoni, nikabandika birika. Tekla aliwasikiliza wote wawili, kisha akachukua kisu na vipande viwili vya ukili wa mkeka niliokuwa nasuka, kimoja chekundu, kimoja cheupe.

"Hakuna aliyebadilisha mbegu," alisema. "Chekundu hiki ni urithi Bi Mkubwa aliopewa na mama yake. Cheupe, wa baba yake. Kabla ya kutoa mbegu huvilaza pamoja, hivi." Akavikata vyote mahali pamoja, akaunga chekundu kwenye cheupe. "Kila mbegu na mkato wake. Na hapo bado chavua ya mkorosho wa jirani, nayo imekatwa na kuungwa vilevile. Wewe mama, wanao wamefanana?"

"Hata pacha wangu hawafanani."

"Ndivyo watu, ndivyo samaki, ndivyo mahindi. Ndiyo maana ugonjwa ukipita hauwazoi wote." Akatabasamu. "Lakini msihofu. Anayemtaka Bi Mkubwa yuleyule hapandi mbegu, anabebesha. Nitakata vikonyo vyake, vile vijitawi vichanga, nivipachike kwenye miche yenu yote. Mti mmoja unatosha mashamba yote mawili. Uko wapi?"

Jafari alitazama jiko. Nurdin akatazama jiko. Tekla akafuata macho yao mpaka kwenye makaa, akaweka kikombe chini.

"Mmeuchoma?"

Chai ile hakuna aliyeinywa.

"Tutembee," Tekla alisema hatimaye. "Kukatwa na kuungwa huko kulikotawanya bahati, pengine mahali fulani kumeikusanya."

Tukapita mstari kwa mstari, unga mweupe, unga mweupe, mpaka tukakata tamaa. Kisha Tekla akasimama, mkono mdomoni. Ule mche wa alama, ambao hakuna aliyewahi kuupalilia, ulikuwa na maua safi, na korosho zake za kwanza zilizidi hata za Bi Mkubwa.

"Huu umempita mama yake," alinong'ona.

"Alhamdulillahi!" Jafari alipiga goti. Nami nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nurdin aliuzunguka mti, akafumba jicho moja kuupima. "Lakini shina limeinamia kwangu."

"Mizizi iko kwangu!"

"Vikonyo vinawatosha wote!" Tekla alipiga kelele. Hawakumsikia. Tayari walikuwa wameshikana mashati.

Sikusubiri. Nilikimbia nyumbani, nikalichomoa darini shoka lile lililomkata Bi Mkubwa, nikaenda nalo moja kwa moja uani, nikalitumbukiza kwenye shimo la choo.