Tumeenda Kambini

Binti yetu Naomie ana miaka saba, na hakuna neno analolichukia kama hema. Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia nyumbani kwetu Mulongwe, tulilala hemani miezi minne. Mengi ameyasahau. Anachokumbuka ni joto, foleni, na bwana mmoja mwenye daftari aliyemuuliza kila mtu: jina, watoto wangapi, mnakimbia nini.

Kwa hiyo nilipokutana na kifungu katika darasa la jioni, ninakojifunza kusoma na kuandika, juu ya familia iliyolala hemani kwa kupenda kwao, wakila na kucheka, nilikisoma mara mbili nikidhani nimechanganya herufi. Mwalimu Fabiola akasema sikuchanganya kitu. Nikamwomba Mungu siku tisa. Siku ya kumi nikaazima hema la wanakwaya. Nilitaka jambo moja tu: Naomie alale humo usiku mmoja akiwa na furaha.

“Baba Naomie,” mke wangu Ernestine akasema, “tulitoka mu hema. Sasa tunarudia mu hema. Nani anatufukuza?”

“Hakuna.”

“Ndiyo pale sielewe.”

Mama yangu, Koko Félicité, hakuuliza kitu. Alifunga godoro, sufuria tatu, vyeti vya ubatizo na kuku mmoja.

“Mama, ni usiku mumoja tu.”

“Na mara ile walisema usiku mumoja.”

Vyote vikapakiwa kwenye trisikli, pikipiki ya magurudumu matatu, Koko akakaa juu ya godoro na kuku wake mapajani. Naomie akaniangalia. “Baba, tunakimbia nini?”

“Hatukimbie kitu, mama. Tunaenda kufurahi.”

Akalitazama godoro, kisha akamtazama kuku.

Kabla ya kuondoka nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Niliandika karatasi nikaibandika mlangoni, ili majirani wasitutafute: TUMEENDA KAMBINI. MUNGU ATULINDE SOTE. MODESTE. Nilirudi nyuma hatua tano nikaisoma. Haikuwa na kosa hata moja, nami nikamshukuru Mungu.

Huko Kigongo binamu yangu ana shamba la mihogo linaloishia mchangani. Tulisimamisha hema pale, kwa taabu, maana Lionel wetu wa miaka minne aliingia ndani kabla ya vyuma, na kuku akaingia kabla ya Lionel. Nilipoomba baraka ya chakula, Lionel alisema Amina nikiwa bado kwenye wagonjwa, akasema Amina tena nikiwa kwenye wasafiri, na ya tatu akaisema huku ameshika mkononi ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Naomie alikuwa amekaa juu ya godoro, nje, ameligeuzia hema mgongo.

“Miye nitalala hapa.”

“Na mvua?”

“Itapita.”

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka milimani. Sikubishana naye. Nilikwenda nyuma ya mihogo nikapiga magoti, na nilikuwa hapo nikieleza shida yangu niliposikia trisikli. Zilikuwa nne, zikiongozwa na yule dereva aliyetuleta sisi. Kwenye ya kwanza alikuwa jirani yetu Herménégilde, amekumbatia cherehani. Mkewe, Mama Spès, alikuwa na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, mapajani, bado inatoa moshi. Nyuma yao walikuja watu wa avenyu yetu karibu wote, na magodoro.

“Modeste, weye ni muntu gani?” Herménégilde akasema hata kabla ya kushuka. “Unajua jambo, unabandika mu mulango, unaenda bila hata kupiga hodi?”

“Jambo gani?”

“‘Mungu atulinde sote.’ Muntu mwenye anaenda kula ndagala haandike vile.”

Nikaeleza. Nikaeleza kifungu, Mwalimu Fabiola, na zile siku tisa. Ernestine alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

“Kwa hiyo hakuna kitu,” Mama Spès akasema.

“Hakuna.”

“Nimebeba sombe ya moto kilometa kumi, na hakuna kitu.” Akaitua chini, akakaa kando yake, akacheka mpaka akalala mchangani. “Herménégilde, rudisha cherehani.”

“Nirudishe na nini? Trisikli zimeisha kwenda.”

Hivyo wakabaki. Koko Félicité akawapokea kama mwenye mji, akaonyesha kila mtu pa kuweka godoro, akasema kwamba kuna wengine walimcheka kwa ajili ya sufuria tatu.

Watoto walikuwa kumi na mmoja na hema lilikuwa moja. Walilivamia wote kwa pamoja, chuma kimoja kikapinda. Hapo Naomie akasimama.

“Hapana vile,” akasema. “Mupange mustari.”

Akachukua daftari langu la darasa la jioni na kalamu, akasimama mlangoni mwa hema, miguu nje.

“Jina?”

“Spès,” akajibu binti wa jirani. “Si unanijua?”

“Sikujue. Unakimbia nini?”

“Kuosha sahani.”

“Ingia. Mwingine.”

Mmoja alikimbia nyuki, mwingine hesabu. Herménégilde naye akapanga mstari, akasema anakimbia karatasi ya Modeste. Akaambiwa kwamba wakubwa ni kesho.

Ndipo mvua ikaanza, matone makubwa. Tone la kwanza likaanguka juu ya daftari. Naomie akalifunika kwa kifua, akaruka ndani, akafunga zipu. Nilisikia sauti yake humo, ikiamuru watu wasogee, na vicheko, na kuku.

Nilisimama kwenye mvua, wakubwa wenzangu wakiwa wamejibana chini ya shitingi moja ya turubai pamoja na magodoro, nikamwambia Mungu asante kwa maneno machache kuliko kawaida yangu. Kisha nikagonga hema.

“Jina?” akauliza, zipu ikifunguka kidogo.

“Modeste.”

Daftari likatoka pamoja na kalamu. “Andika mwenyewe.”

Nikaandika, nikiinama ili lisilowe.

“Unakimbia nini?”

“Mvua.”

“Mvua tu?”

“Mvua tu.”

Akafikiri. “Ingia,” akasema. “Lakini vua viatu.”