Sinia la Wadi Kabir

Nilipopelekwa kituo cha polisi cha Wadi Kabir mwaka 1991, kilikuwa vyumba viwili na gari moja lisilowaka mpaka lisukumwe. Mimi Mahbuba nilikuwa askari wa kike peke yangu. Askari wenzangu Sleyum na Marhoon, waliokuja Omani kutoka Unguja wangali vijana, walikula sinia moja kila adhuhuri, na ukiwaona wanavyogombania kichwa cha samaki ungedhani ni ndugu wa tumbo moja. Mimi walinitengea sahani yangu.

Kituo kikakua. Magereji yaliongezeka, na vibarua, na ajali. Tukajengewa ghorofa, wakaletwa askari wa trafiki, wapelelezi, kompyuta, na vijana wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji. Marhoon akaenda kozi, akarudi na nyota mabegani. Maofisa walikula juu, mezani. Sleyum, mvivu wa mitihani, akabaki sajenti huku chini. Hakuna aliyemkosea mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na wa kuomba radhi.

Kisha Marhoon akahamishiwa makao makuu ya polisi. Sleyum akawa anakula peke yake, sinia lile lile, upande wake tu. Mkewe alikuwa ameshafariki, na wanawe nyumbani walimjibu kwa Kiarabu. Upweke ulimkondesha. Nilimwonea huruma, na alinikasirisha pia, maana simu ilikuwa mezani.

"Mpigie Marhoon," nilimwambia.

"Nimpigie mkubwa nimwambie nini? Nna hamu ya kula na wewe?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Hakupiga. Siku yake ya mwisho kazini, mwaka 2004, nilipiga mimi kwa siri.

"Mimi huku nnakula na gazeti," alisema Marhoon. "Nnakuja."

Adhuhuri Sleyum alitoka kwenye gwaride la kumuaga, kofia bado kichwani, akatandika mkeka chumba cha nyuma. Marhoon alimwacha dereva nje, akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake, kofia mkononi. Sleyum alikuwa ameinama anapakua pilau. Akainua macho, akaona nyota. Akaruka, akasimama wima, akapiga saluti.

Nilitamani ardhi ipasuke. Marhoon alimtazama, akingoja acheke, amtukane kama zamani. Lakini askari hashushi mkono mpaka mkubwa ajibu, na Sleyum hakuushusha. Mwisho Marhoon akavaa kofia yake, akaijibu saluti. Akamtakia kheri kwa Kiarabu, akavaa viatu, akaondoka.

Sleyum akakaa mbele ya pilau. Hakula.

"Alikuwa keshavua viatu, kaka," nilimwambia kwa hasira.

"Nimeona," alisema. "Lakini mkono ulikuwa ushapanda."